Maswali ya wasomaji: Niko juu ya mti peke yangu, kamba atanishikia nani?

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi kazi yangu ni kukwea na kukata miti, hasa matawi yaliyolalia nyumba. Kijana aliyekuwa ananishikia kamba ameondoka na sasa siku nyingi niko juu na chini hakuna mtu. Tawi lililo juu ya paa siwezi kuliachia tu, lazima lishuke kwa kamba, kwa hiyo nazungusha kamba kwenye shina raundi moja, mkono wa kushoto nashika kamba wa kulia nashika chensoo, nakata na kushusha hapo hapo. Wiki iliyopita tanzu moja nene kama paja, urefu mita mbili hivi, ilinivuta mkono ukagonga shina na glovu ikatoboka. Je kuna namna mtu mmoja anaweza kushusha tawi salama ama ndo niache kuchukua kazi za juu ya mapaa? Najua kidole kimoja hakivunji chawa lakini kazi lazima ifanyike. – Mkwezi asiye na msaidizi

JIBU: Ndugu yangu pole sana na huo mkono, na kabla hatujafika kwenye kamba naomba uache leo leo kushika chensoo kwa mkono mmoja, manake ile mashine ikigusa kitu kwa ncha ya mbele inaruka kurudi kwako na mkono wa kushoto uliokuwa na kamba ndo uko njiani. Mikono miwili kwenye mashine, wakati wote inapokata, hapo hatubishani.

Sasa tuje kwenye kamba. Watu wengi wanadhani msaidizi wa chini anahitajika kwa sababu ya nguvu, kwamba yeye ndo anabeba tawi. Siyo kweli, shina na raundi za kamba ndo zinabeba. Kazi yake ya maana ni kuiachia kamba ikimbie kidogo pale tawi linapokatika, halafu anaibana polepole mpaka tawi linasimama lenyewe bila kishindo. Ukiwa peke yako huyo mtu hayupo, kwa hiyo kamba yako itakuwa imefungwa kabisa na chochote kitakachoangukia kamba iliyofungwa kitasimama ghafla, na kusimama ghafla ndo kunakokata kamba, kunavunja panda na kumvuta mkwezi. Piga hesabu kidogo tu: kipande kikianguka mita 1 na kamba ikakisimamisha ndani ya sentimita 20, nguvu ya wastani kwenye kamba ni mara 6 ya uzito wake, na ile ya kilele inapita hapo. Halafu kama kamba imepita kwenye kapi ikarudi chini, kapi inavutwa na pande mbili, yaani karibu mara mbili ya hiyo tena. Kipande cha kilo 50 kinakuwa mzigo wa kilo 300 kwenye kamba na 600 kwenye tawi lililoshika kapi.

Kwa hiyo kanuni ya mkwezi aliye peke yake ni hii, tawi liwe limeshaning'inia kwenye kamba KABLA halijakatika. Kamba iwe imekaza tii, juu ya tawi, hakuna ulegevu hata wa kiganja. Ukikata, tawi linahama tu kutoka kwenye mti kwenda kwenye kamba bila kuanguka. Na kutokana na hilo kuna kazi ambayo nakwambia usiifanye kabisa peke yako: kushusha vipande vya shina lenyewe kwa kapi iliyofungwa CHINI ya kipande, kama tunavyofanya tukimaliza matawi na kubaki na mlingoti. Pale kipande lazima kianguke kwanza ndo kamba ikidake, na bila mtu wa kuiachia ikimbie unapigwa mtikisiko wote wewe uliyejifunga kwenye mlingoti huo huo. Kama uko peke yako, mlingoti ukatwe vipande vifupi unavyoweza kuvisukuma kwa mkono, na kama chini hapana nafasi ya kuviangusha basi hiyo kazi isubiri siku yenye mtu wa pili.

Turudi kwenye tanzu yako ili tuone kilichotokea. Mbichi ina uzito karibu na wa maji kwa miti mingi, kwa hiyo mimi natumia njia ya haraka: kipenyo kwa sentimita mara kipenyo, mara urefu kwa mita, mara 0.08, unapata kilo. Paja ni kama sentimita 20, urefu mita 2, inakuja kilo 64, na hapo hatujahesabu vijitawi na majani ambavyo mimi huwa naviongezea nusu ya uzito tena nikiwa sina uhakika. Angalia kipenyo kinavyotawala hesabu: tawi la sentimita 10 la urefu huo huo ni kilo 16 tu. Ukikata kabla halijanenepa, yaani ukianzia kwenye ncha ukaja ndani kidogo kidogo, kazi nyingi hazihitaji kamba hata kidogo, unalishika kwa mkono unalitupa pembeni.

Sasa raundi moja kwenye shina lenye msuguano wa wastani inapunguza mzigo takriban mara 5, kwa hiyo kilo 64 zilifika mkononi kwako kama 13. Hizo ungezimudu. Lakini kamba yako ilikuwa na ulegevu, tawi likaanguka kwanza, zile 13 zikawa 70 na kitu, na mkono mmoja wa mtu anayening'inia hauwezi kushika hiyo. Ungezungusha raundi 2 mzigo ungepungua takriban mara 23, raundi 3 ni zaidi ya mara 100, yaani kilo 64 zinafika mkononi kama nusu kilo tu na nusu kilo unaishika kwa vidole viwili. Hiyo ndo siri yote ya kufanya peke yako, raundi ndo msaidizi wako. Ila gome linabadilisha mambo sana, gome la magamba linabana kuliko hesabu, na gome laini lililoloa ama lenye utomvu linateleza, kwa hiyo jaribu kwanza na kitawi kidogo uone siku hiyo raundi zinafanyaje.

Namna ya kupanga. Kamba inaanzia kwenye tawi la kukatwa, imefungwa kwa kitanzi kinachojikaza na mbele yake nusu fundo moja zaidi ili mzigo usilalie fundo moja. Inapanda mpaka kwenye panda imara ama kapi iliyo JUU ya tawi, ikiwezekana wima juu ya pale unapokata ili tawi lisiyumbe kama bembea likakufuata. Kutoka hapo inashuka mpaka kwenye shina usawa wa kiuno chako, hapo inapigwa raundi 3, halafu mkia unafungwa. Kama mti unabaki hai usizungushe kamba kwenye gome lake, itaichuna, funga chuma cha kuzungushia kamba kwa mkanda kwenye shina, na kwa vitawi vyepesi hata kile chuma chenye umbo la namba nane kinatosha.

Kukaza kamba peke yako kuna ufundi wake na watu wengi hawaujui. Usivute mkia, huko raundi zinakushinda. Shika kamba ile inayoshuka kutoka kwenye panda kabla haijafika kwenye raundi, isukume pembeni kwa nguvu kama unavuta upinde, tawi litainuka kidogo, halafu unapoirudisha mkono mwingine unakula ule ulegevu kwa kupitisha mkia kwenye raundi. Rudia mpaka kamba ilie ukiigonga kwa kidole. Ndo ufunge mkia kwa mafundo mawili ya kujibana. Na uzuri wake ni kwamba kwa sababu raundi 3 zimeshakula mzigo, hayo mafundo yanashikilia nusu kilo tu, utayafungua kirahisi hata tawi likiwa linaning'inia zima. Ukifunga bila raundi za kutosha fundo linakaza mpaka unalazimika kulikata kwa kisu na hapo tawi linaenda zake.

Kamba imeshafungwa, mikono yako yote miwili iko huru, sasa ndo unakata. Tawi linalolala anza chini, theluthi moja ya unene, halafu malizia juu. Kwa matawi ya wastani mimi napenda zaidi kukata mbavu mbili: upande mmoja unapita nusu kidogo, upande wa pili nao unapita nusu lakini ukiwa umesogea sentimita chache, hivyo mikato inapishana bila kukutana na tawi linabaki limeshikwa na nyuzi za katikati. Unazima mashine, unafunga breki yake, unaining'iniza kiunoni, unakaa vizuri upande ambao tawi haliendi, halafu unalivunja kwa kulisukuma kwa mkono. Linaachia kwa wakati unaotaka wewe na hakuna kinachonguruma karibu na kamba. Ukishaona limetulia, limeacha kuyumba, ndo unafungua mkia na kuanza kushusha kwa utaratibu. Kukata ni kazi moja, kushusha ni kazi nyingine, kati yake pumua.

Mambo mawili ya kushangaza utayaona ukianza. La kwanza, tawi dogo linaweza kugoma kushuka. Mkia wa kamba unaoning'inia mpaka chini una uzito, mita 20 za kamba ya milimita 12 ni kama kilo 2, na kwa raundi 3 hizo kilo 2 peke yake zinazuia mzigo mkubwa sana, itabidi uwe unaisukuma kamba kwenye raundi ama upunguze raundi moja kabla ya kukata. Usipunguze raundi mzigo ukiwa umening'inia, tafadhali. La pili, tawi likikaribia chini mkia umepanda juu na umekuwa mwepesi, breki imepungua, ndo unaona tawi linaanza kukimbia mwishoni hapo hapo juu ya paa la mtu. Kwa hiyo mkono usilegee mapema, na mwisho kabisa wa mkia uufunge kwenye shina tangu mwanzo ili kamba isije ikapita yote.

Halafu limefika chini, nani anafungua? Hapa hakuna ujanja, ndo gharama ya kuwa peke yako. Ama unashuka kila mara ama unabeba kamba fupi kadhaa, ama unafunga vitawi vyepesi vitatu vinne pamoja vikishakatwa na kuvishusha kwa safari moja. Ukishuka wakati kuna tawi bado linaning'inia, pita upande wa pili wa shina. Kuna wanaotumia fundo la kujifungua lenye uzi wa kuvuta kutoka juu, mimi siliungi mkono hata kidogo, kijitawi kinaweza kuunasa ule uzi wakati mzigo uko hewani.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba kazi za juu ya paa unaweza, za matawi madogo na ya wastani. Kwangu mimi mpaka ni kilo unazoweza kuziinua mwenyewe ukisimama chini. Ikizidi hapo tafuta mtu hata wa siku moja, mpe bei yake kwenye mkataba wa kazi.

SWALI: Naomba kuuliza, mti mwingi unakuta una panda moja tu nzuri huko juu. Naweza kujifunga mimi hapo na kapi ya mizigo nikaiweka hapo hapo? – Msomaji

JIBU: Hapana ndugu, na sababu ziko mbili. Panda ikivunjika kwa mzigo na wewe unaenda nayo, hiyo kila mtu anaiona. Ya pili ndo inayosahaulika: kamba ya mzigo inakimbia na kamba yako imesimama, zikigusana pale ile inayokimbia inasugua sehemu moja tu ya yako, na kamba hizi ni za nyuzi za plastiki, zinayeyuka. Poliesta inayeyuka kwenye nyuzi joto 250 na kitu, polipropilini kama 165 tu, na kamba inayokimbia na mzigo juu ya kamba iliyotulia inafika huko haraka kuliko wewe unavyoweza kupiga kelele. Kama panda nzuri ni moja, hiyo ni yako wewe. Mzigo uushushie chini zaidi, kwenye tawi jingine la kuelekea upande wa kazi, na kama tawi hilo halitoshi basi punguza ukubwa wa vipande mpaka litoshe.

Na nikiongezea hapo, wakati mashine inakata uwe umeshikwa na vitu viwili, kamba yako ya juu na mkanda wa kuzunguka shina, ili mashine ikila kimoja ubaki na kingine. Mkanda wenye waya wa chuma ndani ni bora zaidi ingawa nao hauwezi kushindana na chensoo inayozunguka kwa kasi, unakupa sekunde tu.

SWALI: Shikamoo. Mimi siyo fundi, mume wangu ndo anakwea miti na siku hizi anaenda peke yake. Nimeamua niwe namsindikiza nikae chini, yeye anasema sina nitakachofanya. Naomba uniambie nikiwa pale nifanye nini. – Mama watoto

JIBU: Marahaba dada yangu, na mwambie mume wako kwamba una mengi sana ya kufanya. Huko Uingereza mwongozo wa kazi hii unataka watu wasiopungua wawili kila mtu anapokwea mti, na mmoja wao awe anaweza kumwokoa aliye juu. Hiyo ni kwa sababu mkwezi aliyepoteza fahamu akabaki ananing'inia kwenye hanesi, ile mikanda aliyojifunga mwilini, bila kutikisika hana muda mrefu, damu inatuama miguuni na hali inaharibika ndani ya dakika, siyo saa. Akiwa peke yake hata akiwa na simu mfukoni hawezi kuipiga.

Kuna jambo moja la kumwomba yeye alipange kabla hajapanda: kamba yake ifungiwe chini ya shina kwa chuma cha kushushia, badala ya kufungwa juu. Hivyo hata asiyejua kukwea anaweza kumteremsha polepole kutoka ardhini. Mwambie akuonyeshe mkijifunza kwenye tawi la chini, yeye akiwa amening'inia mita moja tu kutoka chini, mpaka mikono yako izoee kuachia kamba taratibu. Usisubiri siku ya ajali kujifunza.

Ukiwa pale kaa mbali na matawi yanakoangukia, usipite chini ya tawi linaloning'inia hata kama kamba inaonekana imara, na usiguse kamba ya mizigo kabla hajakwambia tawi limetulia. Akikwambia ushike, usiizungushe mkononi hata raundi moja, kamba ikikimbia inaondoka na vidole. Kelele za mashine zinameza sauti kwa hiyo kubalianeni ishara za mikono, ama filimbi, mlio mmoja simama, mirefu mingi kuna shida. Simu iwe na chaji, namba ya dharura uijue, na ujue kueleza mlipo kwa mtu asiyepajua. Akikatwa na mashine, usikae kuangalia jeraha, bana kwa kitambaa safi kwa nguvu zako zote na usiachie uchungulie, na kama ni mkono ama mguu na damu inaruka bila kusimama, funga mkanda mpana juu ya jeraha ukaze kwa kijiti mpaka damu isimame, kumbuka saa uliyofunga, umwambie daktari.

SWALI: Kamba ya plastiki ya rangi ile ya kufungia mizigo kwenye magari inaweza kushushia matawi? – Mwanafunzi wa kazi

JIBU: Kwa kuvuta matawi yaliyokwisha kuwa chini, sawa. Kwa kushushia, hapana. Nyingi ni polipropilini, inayeyuka mapema kwenye raundi kama nilivyosema hapo juu na jua linaila mpaka inakuwa unga unga kwa nje. Nunua poliesta ya kusuka, ya milimita 12 kwa kuanzia, angalia nguvu ya kukatika iliyoandikwa na mtengenezaji halafu utumie sehemu moja ya kumi tu, ikiandikwa kilo 3,000 wewe mzigo wako mwisho 300, kwa sababu fundo linakula nguvu, kuna fundo linakula theluthi nzima, umri unakula, mtikisiko unakula. Kabla ya kila kazi ipitishe yote mkononi bila glovu ukisikiliza kwa vidole: pakiwa pagumu paliyeyuka, pakiwa pembamba paliteseka ndani, kata utupe kipande hicho. Na ipake alama rangi yake tofauti na ya kamba yako ya kukwelea, manake kamba ikishashusha mzigo hata mara moja, mtu hapandii tena.